MTARO ULIORUDISHA MAJI NYUMBANI
Mafunzo kwa mwenye nyumba na kwa fundi

(Haya ni mazungumzo ya mwalimu mstaafu kutoka Musoma, aliyoyatoa Bunda katika semina ya siku moja ya wenye nyumba na mafundi wa ujenzi kutoka Musoma, Bunda na Butiama. Tumeyachapa karibu kama alivyoyasema, tukiongeza vichwa vidogo ili yasomeke kwa urahisi.)



Wenzangu waliotangulia wamesema mambo ya kitaalamu kuhusu ujenzi bora. Mimi si mtaalamu. Nilifundisha shule ya msingi miaka 34, nikastaafu, na kwa kiinua mgongo changu nikamalizia nyumba Musoma. Nimeombwa nieleze yaliyonipata na mtaro wa maji ya mvua uani kwangu. Nilipoombwa nilisita, maana si vizuri kusimama mbele za watu na kumsema mtu asiyekuwepo. Kwa hiyo fundi nitakayemsema sitamtaja jina, wala mtaa wake, wala kanisa lake. Tena mtasikia kwamba katika habari hii mwenye kosa si yeye peke yake.

Jinsi ilivyoanza

Musoma yetu mnaijua. Ni mji wa mawe makubwa upande mmoja na ziwa upande mwingine. Nyumba yangu iko chini ya mwinuko. Mvua ikinyesha, maji ya juu hayana njia nyingine, yanashuka kwangu. Masika ya 2018 maji yalisimama nyuma ya nyumba siku tatu mfululizo, plasta ya chini ikaanza kuvimba na kubanduka. Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami nikaona ni vema nizibe mapema.

Mwezi wa Agosti 2019 ndugu mmoja tunayesali naye akaniletea mkandarasi. Alikuja na pikapu, ana kofia ngumu kichwani na kitabu cha risiti mkononi. Alizunguka ua kwa dakika kumi hivi. Hakuchukua kipimo chochote. Hakuniuliza maji yanatoka wapi wala yanakwenda wapi. Akasema, "Mama Mwalimu, hii ni kazi ya wiki moja tu. Sh. 1,850,000/= vifaa na ufundi. Nipe 1,300,000/= nianze, nyingine tukimaliza."

Nikamwambia, "Mwanangu, tuandikiane basi."

Akacheka kwa upole, akasema, "Mama, sisi ni watu wa Mungu. Tuandikiane kama hatuaminiani?"

Ndugu zangu, hapo niliona haya. Nilijiona kama mtu asiye na imani. Nikaingia ndani nikamhesabia fedha. Aliandika risiti, lakini kwenye risiti aliandika neno moja tu: "Mtaro."

Kazi yenyewe

Alileta vijana wanne. Walichimba nyuma ya nyumba, wakalaza bomba la inchi nne, wakalifukia kwa udongo ule ule walioutoa. Kokoto sikuziona. Mwisho wa bomba waliuacha kwenye uzio wa chini. Sehemu ya juu walijenga kwa tofali na saruji kidogo sana; ukiipitisha kidole, inatoka unga. Siku nne wakawa wamemaliza, naye akadai salio lake la sh. 550,000/=.

Nikachukua ndoo ya maji, nikamimina juu ya mtaro. Maji yakasimama. Nikamwonyesha. Akasema, "Mama, usiwe na wasiwasi. Mvua ikija yatajifungulia njia yenyewe." Nikamwambia, basi na salio lako lisubiri mvua. Aliondoka amekasirika.

Wote tunakumbuka vuli ya 2019. Ilinyesha Afrika Mashariki yote kupita kiasi, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Usiku mmoja wa Oktoba niliamka nikasikia maji yanacheza stoo. Nilipowasha taa nikakuta magunia yangu matatu ya mahindi yamesimama ndani ya maji. Bomba lilikuwa limejaa tope, na maji yaliyokosa njia yalikuwa yanajikusanya ukutani kwangu kuliko hata zamani, kwa sababu ule mfereji uliochimbwa ulikuwa unayaleta msingini badala ya kuyaondoa. Yalipozidi, yakabomoa kichwa cha mtaro, yakakata upande, yakashuka yote kwa pamoja hadi kwenye uzio wa chini.

Maji yangu kwa jirani

Chini ya uzio ule anakaa mama mmoja mjane. Jiko lake lilikuwa la udongo. Asubuhi alikuja mlangoni kwangu, kanga yake imelowa hadi magotini. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwalimu, maji yako yamelala kwangu."

Nilikwenda kuona. Ukuta mmoja wa jiko umeanguka. Shimo la choo limejaa hadi juu. Nanyi mnajua choo kikifurika karibu na mahali watu wanapopikia, kinachofuata ni kuhara, na hata kipindupindu.

Naomba mnisikilize vizuri hapa. Usiku mzima nilikuwa nimemlaumu fundi kwamba amenidhulumu. Asubuhi ile nikajiuliza: je, siku fundi alipoacha bomba kwenye uzio, mimi sikuona linaelekea wapi? Niliona. Nikanyamaza, kwa sababu lilikuwa linatoka kwangu. Sikuwahi kushuka kumwuliza yule mama, "Jirani, maji haya yatakuumiza?" Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukingo juu ya dari, ili mwenzake asije akaanguka akafa. Yaani nyumba yako ikimwumiza mwingine, una la kujibu mbele za Mungu. Nimefundisha Jumapili kuhusu maneno hayo. Sikuyatenda.

"Karatasi iko wapi?"

Nilimpigia fundi simu. Haipatikani. Siku ya tatu, waliokuja getini kwangu ni wale vijana wanne. Walikuwa hawajalipwa. Kila mmoja alikuwa amefanya kazi siku nne kwa sh. 10,000/= kwa siku, na mkononi alikuwa amepewa 10,000/= tu. Mkandarasi aliwaambia kwamba Mama Mwalimu amezuia fedha. Ni kweli nilizuia. Lakini zile 1,300,000/= nilizotoa zilikwenda wapi, hata vijana wakakosa 120,000/=?

Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Fundi aliitwa mara mbili, mara ya pili akaja. Akasema mimi ndiye niliyetaka kazi ya bei ndogo, na kwamba kokoto hazikuwa kwenye mapatano. Nikasema zilikuwemo. Yeye akasema hazikuwemo. Mwenyekiti akanigeukia: "Mwalimu, karatasi iko wapi?"

Ndugu zangu, miaka 34 niliwafundisha watoto waandike tarehe na somo juu ya kila ukurasa. Nilikuwa nikiwachapa waliosahau. Siku ile mimi mwenyewe sikuwa na ukurasa hata mmoja. Mali bila daftari huisha bila habari.

Watu wengi hudhani kwamba mapatano ya mdomo si mkataba. Sivyo. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua mapatano ya watu waliokubaliana kwa hiari yao, na aliyevunja anaweza kudaiwa fidia. Shida ni ushahidi. Ningeweza kwenda Mahakama ya Mwanzo, lakini ningesimama pale na neno lenye "mtaro" tu. Tukasuluhishwa: fundi akakubali kurudisha 400,000/= kwa awamu. Alileta 150,000/=, kisha akahama mji. Sijamwona tena.

Wale vijana niliwalipa mimi 120,000/= zao. Mume wangu aliniuliza kwa nini, wakati deni si langu. Nikamjibu kwamba Yakobo katika sura ya tano anasema ujira uliozuiliwa wa vibarua unalia, na kilio kinafika kwa Bwana. Sikutaka kilio hicho kitokee uani kwangu. Jiko la jirani tulilijenga upya kwa 180,000/=.

Mzee wa Butiama

Fundi wa pili nilielekezwa na ndugu zangu wa Butiama. Ni mzee, amejenga maisha yake yote. Alipofika nilimpa kiti, akakataa kukaa. Akaniuliza, "Mwalimu, mvua itanyesha lini?" Nikasema, mzee wangu, nani ajuaye? Akasema, "Basi nitasubiri. Siwezi kuwatengenezea njia wageni ambao sijawaona wakipita."

Kweli, mvua iliponyesha alikuja na mwavuli, akatembea na maji kutoka juu mwinukoni hadi chini kwa jirani, akachomeka vigingi. Kisha akafukua bomba la zamani. Akachukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, akaujaza maji, tukashika mimi ncha moja na yeye nyingine. Maji katika mpira hukaa kimo kimoja pande zote mbili, ndiyo maana hayadanganyi. Tukaona kwamba mwisho wa bomba ulikuwa juu kuliko katikati yake kwa vidole vinne. Maji yalikuwa yametakiwa kupanda mlima!

Haya ndiyo aliyonifundisha, nami nawapa bure.

1. Hesabu maji kwanza. Mvua ya milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 12 kwa 10 ni mita za mraba 120. Ikinyesha milimita 40 usiku mmoja, paa peke yake linamwaga lita 4,800, yaani mapipa 24 ya lita 200. Bado hujahesabu ya mwinukoni. Kwa hiyo alianza kwa kuweka gata na tangi la lita 5,000. Maji yaliyokuwa adui sasa ninafulia na kumwagilia mchicha.

2. Mteremko. Bomba lishuke angalau sentimita moja kwa kila mita. Urefu wa mita 20, mwisho uwe chini kwa sentimita 20. Jicho halitoshi. Pimeni.

3. Kokoto. Mtaro wa kufukia, unaokusudiwa kunyonya maji ardhini, ni handaki lenye kokoto na bomba lenye matobo. Jambo hili si geni. Mwaka 1859 Mmarekani mmoja, Henry French, mwanasheria aliyekuwa pia mkulima, alichapisha kitabu kuhusu kuondoa maji mashambani, na mpaka leo Wamarekani huuita mtaro wa namna hiyo kwa jina lake. Bomba lisilo na matobo, likifukiwa kwa udongo wa kawaida, halinyonyi chochote. Maji ya juu, kwa upande wake, yanahitaji mfereji wa wazi unaoweza kusafishwa.

4. Ijue ardhi yako. Ninyi wa Bunda mnao udongo mweusi wa mbugani. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka hata mkono unaingia. Ukichimba shimo la kunyonya maji karibu na msingi katika udongo huo, halitanyonya. Utakuwa umeweka bwawa chini ya nyumba, na kuta zitapasuka. Huku maji yapelekwe mbali kwa mfereji. Butiama kwenye mwamba, maji hayazami, yanateleza juu ya jiwe hadi yapate ukuta wa mtu. Wazee wetu waliijua ardhi. Pale Mwitongo, alipozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999, mji wa wazee ulikaa juu penye mawe, maji yakashuka kwenda zake.

5. Kumbuka ziwa. Kwetu Musoma, aliye karibu na ufukwe akichimba kidogo anakuta maji. Mei 2020 ziwa lilipanda kufikia kimo cha ule mwaka 1964 wanaousimulia wazee, na watu wa pwani za Tanzania, Kenya na Uganda waliona maji yakiingia majumbani. Mtaro unaomwaga ziwani unaweza kugeuka ukaingiza ziwa kwako. Nayo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Fundi atakayekuambia "jenga tu" hatakuwepo siku ya kuvunja.

6. Jua mwisho wa maji. Hili mzee alilisema mara tatu. Mtaro hauanzii kwako wala hauishii kwako. Tulikaa watatu, mimi, yeye na yule mama mjane, tukakubaliana mfereji upite pembeni mwa viwanja vyote viwili hadi mtaro wa barabara. Mwenyekiti wa mtaa akashuhudia. Tuliandika, tukatia sahihi, na jirani yangu akaweka dole gumba.

Kazi ile ilinigharimu 1,420,000/=. Ukijumlisha yote, na kutoa 150,000/= zilizorudi, nimetumia 2,870,000/= kwa kazi ambayo mwanzo niliambiwa ni 1,850,000/=. Mahindi sijayahesabu.

Kwa wenye nyumba

Bwana Yesu alisema kwamba mtu anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Kuketi huko ndiko nilikokuruka. Kabla ya kutoa fedha, andikeni mambo haya, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari:

(a) majina, sahihi, tarehe na mashahidi wawili;
(b) urefu, kina na upana wa mtaro, na mahali maji yatakapoishia;
(c) vifaa kwa idadi: mifuko ya saruji, tripu za kokoto na mchanga, mabomba na ukubwa wake;
(d) nani ananunua vifaa, na nani anawalipa vibarua;
(e) siku ya kuanza na ya kumaliza;
(f) malipo kwa hatua. Usitoe zaidi ya theluthi moja mwanzoni, na bakiza sehemu ya kumi hadi mvua kubwa ya kwanza ipite;
(g) kwamba mtaro hautafukiwa kabla ya kupimwa na kumiminwa maji mbele ya mwenye nyumba.

Anayejiita mkandarasi, mwulize usajili. Tangu sheria ya 1997 tunayo Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na wakandarasi wa majengo wamegawanywa madaraja kuanzia la kwanza hadi la saba. Fundi wa mtaani huenda hana usajili huo, na si kosa kumpa kazi ndogo, lakini mwulize cheti chake cha VETA au kazi alizofanya, uende ukazione. Nenda wakati wa mvua.

Tena lipeni kwa wakati. Wapo wenye nyumba wanaomnyima fundi haki yake kwa kisingizio cha kasoro ndogo. Nao ni wadhalimu.

Kwa vijana wetu mafundi

Wanangu, msione karatasi kama matusi. Karatasi inakulinda wewe pia, siku mwenye nyumba atakapoongeza kazi bila kuongeza fedha. Usikubali kazi usiyoijua kwa sababu ya njaa ya leo. Sema, "Mama, hili sijalifanya, ngoja nimwite mwenzangu anayelijua." Mwenye nyumba mwenye akili atakuheshimu. Na usitumie jina la Mungu mahali pa kipimo. Siku ile fundi aliposema "sisi ni watu wa Mungu," nilipaswa kumjibu: ndiyo, mwanangu, na kwa sababu hiyo tuandike.

Mwisho

Nimemsamehe yule fundi. Namwombea popote alipo, na akirudi, deni lake la 250,000/= bado liko kwenye daftari; kusamehe si kufuta hesabu ya ukweli. Lakini jambo ninalolishukuru zaidi ni jingine. Masika ya 2020 ilinyesha sana. Usiku niliamka kwa hofu, nikachukua tochi nikatoka nje. Maji yalikuwa yanapita mferejini, yanasema peke yake. Nikayafuata hadi kwenye uzio wa chini. Nikamkuta jirani yangu naye amesimama upande wake na koroboi, anayaangalia.

Akasema, "Mwalimu, leo yanapita."

Nikasema, "Yanapita, dada yangu. Rudi ukalale."

Ndugu zangu, mkitoka hapa kabla ya vuli, shukeni kila mmoja hadi mwisho wa kiwanja chake, mkaone maji yenu yanalala kwa nani.